Mvua zinaaga, mboga zinaoza

Wadau, huku Nyakitonto, Kasulu, mvua hukatika mwezi wa 5 na hazirudi mpaka wa 10. Zikianza kuaga, bustani za nyuma ya nyumba zinajaa majani ya maboga, kunde na matembele hadi mengine yanaoza. Ikifika Agosti, mboga zile zile tunazitafuta kwa tochi!

Mimi nasema kosa si la mvua, ni letu. Wagogo kule Dodoma hukausha mlenda na majani ya kunde, kiangazi wanakula. Chemsha majani kidogo, yaanike kivulini (jua kali huharibu vitamini A), kisha yahifadhi pakavu. Sisi wasomi tunaiita mboga ya kimaskini, halafu tunalia ugali hauna kitoweo. Maskini nani hapo?