Kuachwa mlimani

Ndugu mwandishi, katika makala yako kuhusu mbio za baiskeli umesema anayeachwa nyuma aongeze mazoezi. Sawa, lakini umesahau upepo na mlima. Mimi natoka Kashebere, pale Masisi inapokutana na Walikale, mashariki mwa Kongo. Tunashindana kwa baiskeli zilezile zinazobeba ndizi na mawese siku za soko, na kila mara nilikuwa naachwa kwenye mwinuko wa kwanza. Nilijilaumu sana, nikikanyaga kwa hasira nyuma ya wenye nguvu hadi miguu inakufa ganzi.

Kisha yakaja mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani ya Kigali, Septemba 2025, ya kwanza ya aina hiyo kufanyika Afrika. Wanaume walipewa kilomita 267.5, vilima juu ya vilima. Walioanza walizidi 160, waliofika mwisho 30 tu! Na hao ni watu wanaolipwa kuendesha. Tadej Pogačar aliwaacha wote, hata Remco Evenepoel, bingwa wa Olimpiki.

Hapo nikaelewa: kwenye tambarare, kujibanza nyuma ya mwenzako kunaokoa nguvu nyingi, kwa sababu yeye ndiye anayepasua upepo. Mlimani mwendo hupungua, kinga hiyo karibu inatoweka, unabaki na uzito wako na pumzi zako. Siku hizi sigombanii gurudumu la aliye mbele. Napanda kwa mwendo wangu tangu chini, na karibu na kilele nawakuta wawili watatu waliojimaliza mapema. Wa kwanza bado siwafikii.

Ukiandika tena, tafadhali waulize pia wanaosukuma chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili ya kubebea mizigo, wanavyogawa nguvu zao mlimani.