NENO LINALOFAA NI DENI

Sisi tunaoshika kalamu katika maofisi twajua ya kuwa jambo lisilo na jina halifunguliwi jalada, na lisilo na jalada halipati jibu. Lugha yetu ina jina la shauri linalokatwa na wakubwa wa nchi. Zamani liliitwa siasa, kama vile Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilivyotaja Siasa ya TANU juu ya Ujamaa na Kujitegemea. Siku hizi twasema sera. Ina jina pia la kulitimiza shauri hilo, nalo ni utekelezaji. Bali kile kinachobaki katikati, pale sera inaposema hivi na mambo yakawa vile, hakijapata jina moja lililokubaliwa. Kila mtu hukiita apendavyo, na mara nyingi hukiita kwa jina lisilomlazimu mtu ye yote kujibu.

Wengi husema pengo. Lakini pengo ni mahali pa jino lililong'oka. Neno hilo halisemi nani aliyeling'oa, wala nani atakayepaziba. Wengine husema upungufu, kana kwamba ni mvua iliyokosa kunyesha. Katika miaka hii limeenea neno changamoto, nalo limekuwa shuka la kufunikia kila kitu: dawa zikikosekana ni changamoto, daraja lisipojengwa ni changamoto, barua isipojibiwa ni changamoto. Na wenye hasira husema unafiki. Hilo nalo halifai, maana lahukumu moyo, na moyo wa mtu haumo katika majalada yetu. Yawezekana aliyeiandika sera aliitaka kwa kweli.

Sisi twaona neno linalofaa ni la kale, nalo ni deni. Wazee wamesema ahadi ni deni. Na sera iliyotangazwa mbele ya watu ni nini, kama si ahadi iliyopigwa muhuri? Tena neno hili twalijua vema. Mshahara wetu ukichelewa, hakuna karani asemaye kuna pengo katika mshahara; husema, Nadai. Basi, kama neno hili latufaa sisi, haki gani tunayo ya kumnyima mama aliyekwenda zahanati kwa sababu aliambiwa matibabu ya mtoto wake ni bure, akarudishwa kwa kukosa fedha?

Deni lina mambo manne: mdai, mdaiwa, kiasi, na siku ya kulipa. Tulipime neno letu kwa mambo yaliyotokea. Mwaka 1923 Serikali ya Uingereza ilitangaza ya kuwa katika Kenya mambo ya Waafrika yatatangulizwa, endapo yatagongana na ya wageni. Mwaka 1930 ikatungwa sheria ya kuilinda ardhi iliyotengwa kwa Waafrika: sehemu yake ikitwaliwa, sharti nyingine iongezwe badala yake, na baraza la wenyeji liulizwe kwanza. Kisha dhahabu ikapatikana Kakamega, na Desemba 1932 sheria ile ikageuzwa, ili ardhi iweze kutwaliwa kwa ajili ya migodi pasipo kuongeza nyingine wala kuliuliza baraza. Tukiliita jambo hilo pengo, ni kana kwamba ardhi iliteleza yenyewe. Tukiliita deni, mara twauliza: nani alikuwa akidai, na nani aliyekata jina lake katika daftari kabla ya kumlipa?

Wala mambo haya hayakukoma wakoloni walipoondoka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema ya kuwa katika vyombo vya kuchaguliwa na vya kuteuliwa, watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Desemba 2012 Mahakama ya Juu ilisema kwa habari ya Bunge jambo hilo lifikiwe hatua kwa hatua, na sheria yake iwe tayari kabla ya tarehe 27 Agosti 2015. Siku ilifika, sheria haikupatikana. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa sababu hiyo, Bunge halikuvunjwa. Chaguzi za 2013, 2017 na 2022 zilipita, na Bunge la Taifa halikufikia kiwango hicho. Hapa mdai yupo, mdaiwa yupo, kiasi kimeandikwa, hata siku ilitajwa. Kilichokosekana ni malipo tu.

Lakini tuangalie tusilitumie neno hili ovyo. Mwaka 1948 Tume ya Holmes ilipendekeza ya kuwa mtumishi Mwafrika afanyaye kazi ile ile ya Mzungu apewe tatu ya tano ya mshahara wake. Kanuni hiyo ilifuatwa, hata Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 ilipopendekeza mishahara isigawanywe kwa rangi. Katika kanuni ile maandishi na matendo yalipatana sawasawa; yaliyoandikwa ndiyo yaliyokuwa mabaya. Hiyo si deni la sera, ni dhuluma, na jina lake lajulikana tangu zamani.

Labda mtu atasema kwamba neno deni ni kali mno kwa nchi maskini. Sisi twasema ni la upole kuliko unafiki na la kweli kuliko changamoto. Maskini akidaiwa si mwizi. Aweza kuja mchana, akaeleza alicho nacho, akaomba siku nyingine. Aibu ni ya yule akataaye ya kuwa anadaiwa. Mwezi wa Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika waliahidi huko Abuja kutenga kwa ajili ya afya angalau 15 katika kila 100 ya bajeti zao. Nchi nyingi hazijafika hapo. Kila moja ingeweza kusema wazi: tumefika hapa, tumebakiza hiki.

Basi shauri letu ni hili. Taarifa ya kila mwaka ya kila idara na iwe na ukurasa wenye safu tano: kilichoahidiwa, kilichotolewa, bakaa, mwenye kulipa, na tarehe. Karani wa hesabu hafungi daftari la mwezi kwa kuandika changamoto. Huandika bakaa, hata kama yamuumiza. Raia hamwoni waziri, huliona dirisha letu. Na tukimjibu kwa maneno yasiyo na mwenyewe, twakuwa tumemsaidia mdaiwa kujificha. Tuliandike deni kwa jina lake. Dawa ya deni ni kulipa, lakini hakuna alipaye asichokubali kwamba anadaiwa.