Dhahabu na Wenye Kuijua

Katika madini yaliyowashughulisha wanadamu tangu zama za kale, hakuna lililopata taadhima kuliko dhahabu. Na sababu ya taadhima hiyo, ukiichungua, si uzuri wake peke yake, bali ni tabia yake ya kutoshika kutu na kukubali kufuliwa mpaka ikawa nyembamba kupita karatasi. Tabia hizo zimeifanya kuwa amana ya masultani na mabenki, na ndizo hizo hizo zilizoifanya kuwa ala ya wanasayansi. Dai letu katika toleo hili ni kwamba faida yake kubwa haimwendei mwenye ardhi inamochimbwa, bali humwendea mwenye ilimu nayo.

Kilwa haikuwa na mgodi wa dhahabu hata mmoja. Dhahabu yake ilitoka bara, nyuma ya Sofala. Lakini Wakilwa walizijua pepo za kusi na kaskazi, wakazijua na bei za Bahari ya Hindi, hata Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, akapiga sarafu za dhahabu kwa jina lake.

Atakayetujibu kwamba dhahabu ni mali tosha pasipo ilimu, na azingatie bei yake. Mwaka 1944, pale Bretton Woods, wakia moja iliwekwa kuwa sawa na dola 35, na hali ikadumu hivyo mpaka Agosti 15, 1971, Rais Nixon alipoufunga mlango wa kubadilisha dola kwa dhahabu. Hata leo bei hutangazwa London mara mbili kwa siku, na mchimbaji wa Geita huipokea kama apokeavyo habari za mvua.

Ama kwa upande wa sayansi, Michael Faraday alibainisha mwaka 1857 kwamba dhahabu ikigawanywa chembe ndogo mno ndani ya maji huonekana nyekundu. Na katika mwaka 1909, huko Manchester, Geiger na Marsden, chini ya Rutherford, walirusha miali kwenye utando wa dhahabu, na kutokana na michache iliyorudi nyuma, Rutherford akatambua mwaka 1911 kwamba atomu ina kiini. Wekundu ule wa Faraday umo hata katika zahanati zetu: mgonjwa wa homa hutobolewa kidole, tone la damu likatiwa katika kipimo cha haraka cha malaria, na baada ya muda mfupi hujitokeza mstari mwekundu, ambao katika vipimo vingi ni chembe za dhahabu.

Na huku kwenye mialo ya Geita, mchimbaji mdogo husaga mawe kwa karasha, akakoroga mchanga na zebaki kwa mikono mitupu, kisha akalichoma donge juu ya mkaa, akivuta mvuke unaodhuru mishipa ya fahamu, ilhali chombo chenye mfuniko na bomba cha kuunasa mvuke huo kingemwokoa yeye na jirani zake.

Kwa hiyo makala zifuatazo hazihesabu tani. Zinadai maabara na skuli za madini zijengwe hapo hapo penye migodi, na serikali izigharimie kwa mrabaha wa dhahabu yenyewe.