Mtoto Asiyelia Apewe Tarehe ya Kurudi

Kuanzia 2013, kaunti ya Kakamega, Kenya, chini ya gavana Wycliffe Oparanya iliwalipa akina mama wasiojiweza Sh12,000, kwa awamu sita, mradi wahudhurie kliniki, wajifungulie kituoni na kumleta mtoto hadi afikishe miezi 18. Wenyeji waliubatiza mpango huo Oparanyacare. Msingi wake ulikuwa rahisi: mama wa Butere au Navakholo akiwa na nauli, atarudi.

Akirudi, achunguzwe nini? Hapo ndipo penye kasoro, hasa kwa mtoto ambaye wauguzi husema "alichoka": uchungu ulikawia, akazaliwa amelegea, hakulia, ikabidi apuliziwe hewa kwa mfuko wa ambu.

Mtoto huyo hupewa alama za Apgar dakika ya kwanza na ya tano. Alama hizo, alizobuni daktari Mmarekani Virginia Apgar mwaka 1952, hueleza hali ya dakika ile tu. Mtoto aweza kulia na kupata rangi, kisha usiku degedege likaanza. Wala si lazima arushe mikono na miguu. Huenda akatafunatafuna tu, akakodoa macho upande mmoja au kuchezesha miguu kama anayeendesha baiskeli. Mama aliyekesha akidhani mtoto anacheza, nani atamlaumu?

Kumfuatilia mtoto huyo siku zinazofuata kuna kipimo cha Thompson, kilichochapishwa 1997 kutoka Cape Town, nacho hakidai mashine. Huangalia mambo tisa, yakiwemo fahamu, ulegevu au ukakamavu wa misuli, kunyonya, kushika kidole, kupumua na utosi, na jumla ya alama ni 22. Hurudiwa kila siku, maana hali hubadilika. Kinadai muuguzi mwenye nafasi, na huyo ndiye adimu.

Kuna wanaolilia mashine za kuupoza mwili wa mtoto aliyechoka ili kuulinda ubongo wake. Wasome kwanza utafiti wa HELIX wa 2021, uliohusisha watoto 408 India, Sri Lanka na Bangladesh: waliopozwa walikufa wengi zaidi. Fedha za kaunti ziajiri wauguzi kwanza.

Na kabla ya ruhusa ya kwenda nyumbani, alama za Thompson na tarehe ya kurudi ziandikwe kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 tayari zinamleta mtoto kliniki. Achunguzwe shingo, ngumi zisizofunguka, miguu inayokakamaa, na akihitaji apelekwe kwa mtaalamu wa viungo bila kungoja atimize mwaka. Mama ambaye mwanawe hakulia, usitoke wodini kabla hujaandikiwa tarehe hiyo ya kurudi.