MTEJA HAJAKOSEA, FOMU YAKO NDIYO INAMCHANGANYA

Wafanyabiashara wenzangu wa mtandaoni, hii kauli ya "wateja hawako makini" mimi siikubali. Mteja akijaza namba ya simu kwenye sehemu ya idadi, au akiacha oda katikati, tunamsema yeye. Mara nyingi tatizo lipo kwenye fomu tuliyomtumia.

Mimi nauza viatu nikiwa Lusahunga, pale njia panda ya kwenda Biharamulo, Nyakanazi na Rusumo. Mzigo unapanda basi, ukifika anapigiwa mwenye namba iliyoandikwa juu yake. Tarakimu moja ikikosekana, mzigo unalala ofisini, mteja anajua katapeliwa, na gharama ya kuurudisha ni yako. Kwa mitaji yetu hii midogo, mizigo miwili ya hivyo inakula faida ya wiki nzima.

Chanzo ni nini? Fomu iwe na viboksi kumi, kibodi inaandika kwenye kimoja tu kwa wakati mmoja: kile chenye kimstari kinachowaka na kuzima. Kimstari kisipoonekana, mteja anaandika gizani. Kwenye simu ndiyo balaa zaidi, maana kibodi ikifunguka inakula sehemu kubwa ya kioo, na kiboksi cha chini kinaweza kufunikwa. Mtu haoni anachoandika, anaachana nayo.

Hata W3C, wanaoweka viwango vya tovuti duniani, wanalisema hili. Mwongozo wao wa WCAG 2.2 uliotoka mwaka 2023 unataka mahali mtu anapoandika paonekane, na pasifunikwe kabisa na vitu vingine vya ukurasa. Lengo lao kubwa ni watu wenye ulemavu, ila hata mama anayeagiza kwa kidole gumba huku kabeba mtoto anafaidika.

Kwa maoni yangu, rekebisha haya:

1. Punguza viboksi. Jina, simu, bidhaa na saizi, mzigo uende wapi. Basi.

2. Vipange kwa mfuatano. Mtu akibonyeza Tab kwenye kompyuta, au kitufe cha kuendelea kwenye kibodi ya simu, aende kiboksi kinachofuata, asirushwe mpaka chini.

3. Kiboksi cha simu kifungue kibodi ya namba. Mwambie fundi wako aweke type="tel". Namba ya simu ikihifadhiwa kama namba ya hesabu, sifuri ya mbele inaweza kupotea.

4. Mteja akikosea, usimfutie vyote. Mrudishe kwenye kiboksi chenye kosa na umwambie kwa Kiswahili: "Namba iwe na tarakimu 10."

5. Ondoa matangazo ya ofa yanayoruka wakati mtu anaandika. Yanamnyang'anya kimstari, anachoandika hakiingii popote.

Najua kuna watakaosema, "Mimi nauzia WhatsApp tu, fomu sina." Hata wewe linakuhusu. Ukitumia WhatsApp kwenye kompyuta, kwa kawaida Enter inatuma meseji, na Shift pamoja na Enter ndiyo inashusha mstari. Ukiwa na wateja watano wanaongea kwa pamoja, angalia kwanza kimstari kipo kwa nani kabla ya kubandika bei au namba ya mtu. Bei ya jumla ikienda kwa mteja wa rejareja, hapo hakuna kujitetea.

Kwa hiyo kabla hujalipia tangazo, chukua simu yenye kioo kidogo, jaza fomu yako kwa kidole gumba kimoja. Halafu mpe mtu ambaye hajawahi kuiona, wewe kaa kimya umwangalie. Usimwelekeze chochote. Pale atakapokwama, wateja wako nao wanakwama hapohapo. Parekebishe kwanza, hela ya tangazo itafuata.