Tinti za Magari: Kioo cha Mbele ni cha Barabara, cha Nyuma ni cha Abiria

Na Mwandishi Wetu

MJADALA kuhusu vioo vya giza katika magari umerejea kwa nguvu barani Afrika. Nchini Nigeria, mwaka 2025 Jeshi la Polisi lilirejesha utaratibu wa vibali kwa magari yenye vioo hivyo, likitumia sheria ya mwaka 1991, na chama cha wanasheria cha nchi hiyo kikaupinga utaratibu huo mahakamani. Hapa nchini, ambako magari mengi ya watu binafsi huingizwa yakiwa yametumika Japani, suala hili humgusa mmiliki tangu siku ya kwanza. Gari hufika bandarini likiwa na vioo vya nyuma vyeusi na vya mbele vyeupe, na wamiliki wengi hutamani kuvifanya vyote vifanane.

Kabla ya kumwita fundi, ni vyema kujiuliza kwa nini mtengenezaji aliviacha vikiwa tofauti. Kanuni za usalama wa magari za Japani zinataka kioo kikubwa cha mbele na vioo vya milango ya mbele vipitishe angalau asilimia 70 ya mwanga, lakini haziweki kikomo kwa vioo vilivyo nyuma ya dereva. Uingereza inataka asilimia 75 kwa kioo kikubwa cha mbele na asilimia 70 kwa vioo vya milango ya mbele, kwa magari yaliyoanza kutumika kuanzia Aprili 1, 1985, na vioo vya nyuma vimeachwa huru. Afrika Kusini inataka asilimia 70 kwa kioo kikubwa cha mbele na angalau asilimia 35 kwa vioo vingine. Tarakimu zinatofautiana, lakini mwelekeo ni mmoja: kioo ambacho dereva huitazamia barabara kinalindwa zaidi kuliko kioo kinachomkinga abiria.

Maana ya tarakimu

Mkanganyiko wa kwanza hutokea dukani. Asilimia inayotajwa kwenye tinti ni kiasi cha mwanga unaopita, si kiasi cha giza. Kwa hiyo tinti ya asilimia 70 ni nyepesi kiasi kwamba wapita njia hawaitambui kwa urahisi, ilhali tinti ya asilimia 5 ni nyeusi tii. Mteja anayeomba "asilimia ndogo" akidhani anachagua tinti hafifu huenda akaondoka na gari ambalo halionekani ndani hata mchana.

Mkanganyiko wa pili ni wa hesabu. Kioo chenyewe, hata kikiwa cheupe, hakipitishi mwanga wote. Tuchukue mfano wa kioo cha mlango kinachopitisha asilimia 80. Kikibandikwa tinti ya asilimia 70, mwanga unaobaki ni asilimia 70 ya ile 80, yaani asilimia 56. Kikibandikwa tinti ya asilimia 35, hubaki asilimia 28. Maana yake ni kwamba katika nchi inayodai asilimia 70 kwa milango ya mbele, hata tinti iliyoandikwa namba hiyohiyo humweka dereva nje ya sheria, kwa kuwa kinachopimwa ni kioo na tinti kwa pamoja.

Hesabu hiyo ni kali zaidi kwa vioo vya nyuma vilivyotiwa rangi kiwandani. Kioo cha namna hiyo kinachopitisha asilimia 20, kikiongezewa tinti ya asilimia 35, hubakiwa na asilimia 7. Kikiongezewa tinti ya asilimia 5, hubakiwa na asilimia 1 tu. Dereva anayerudi nyuma usiku katika uchochoro usio na taa, huku watoto wakicheza jirani, hana anachokiona kupitia kioo hicho.

Kwa nini mbele ni tofauti

Katika nchi zilizo karibu na Ikweta, machweo ni mafupi. Mwanga hutoweka ndani ya muda usiozidi nusu saa, na muda huo ndio ambao watu hutoka kazini, bodaboda hupishana kwa wingi na wanafunzi wa masomo ya jioni huvuka barabara. Jicho huhitaji muda kuizoea hali ya giza, na uwezo huo hupungua kadiri umri unavyosonga. Tinti nzito mbele humwongezea dereva giza kabla ya usiku wenyewe kuingia.

Gari likienda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mwendo katika maeneo ya makazi nchini, husafiri karibu mita 14 kwa kila sekunde. Dereva akichelewa nusu sekunde kumtambua mtu aliyevaa nguo nyeusi kando ya barabara, gari litakuwa limeshakwenda mita 7 kabla hajaanza hata kukanyaga breki. Umbali huo unakaribiana na upana wa njia mbili za kawaida za magari.

Ipo sababu nyingine ambayo wengi huisahau. Saitimira hutazamwa kupitia vioo vya milango ya mbele. Dereva mwenye tinti nzito kwenye milango hiyo hutazama kwa giza barabara iliyo pembeni yake na pia kile kinachomfuata nyuma, ikiwemo pikipiki inayotaka kumpita. Saitimira hizohizo ndizo zinazofanya tinti ya nyuma ivumilike: kioo cha nyuma kikiwa na giza, dereva bado anazo mbili za kumwonesha anayemfuata. Ndiyo maana majimbo mengi ya Marekani huruhusu kioo cha nyuma kuwa na giza kwa sharti kwamba gari liwe na saitimira pande zote mbili. Anayetia giza mbele na nyuma kwa pamoja huipoteza nafuu hiyo.

Aidha, barabarani watu huongea kwa macho. Mwenda kwa miguu aliye kwenye alama za pundamilia humtazama dereva kujua kama ameonekana. Mwendesha baiskeli hufanya vivyo hivyo kwenye makutano. Wahenga walisema macho hayana pazia; tinti nzito mbele ya dereva huliweka pazia hilo, na anayeathirika ni yule asiye na bodi ya gari ya kumkinga.

Giza si ubaridi

Sababu kubwa inayotolewa na wamiliki ni joto, na ni sababu ya haki. Gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam au Tanga hugeuka tanuri. Hata hivyo, weusi wa tinti si kipimo cha uwezo wake wa kuzuia joto. Takriban nusu ya nishati ya jua inayofika ardhini huja kwa miale ya infraredi, ambayo jicho haliioni. Tinti nyeusi ya bei nafuu hupunguza mwanga unaoonekana, hufyonza joto, kisha kioo chenyewe hupata moto na kulirudisha sehemu ya joto hilo ndani. Tinti za kauri zilizo bora huweza kuzuia sehemu kubwa ya infraredi huku zikiwa nyepesi kwa macho. Gharama yake ni kubwa zaidi, lakini rahisi ni ghali: tinti duni hubadilika rangi kuwa zambarau, hutoa mapovu na hulazimisha kazi kurudiwa.

Jua pia ni suala la afya, hususan kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao ngozi zao zinahitaji kinga dhidi ya miale ya urujuanimno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la tiba la JAMA Ophthalmology, uliohusisha magari 29, ulionesha kuwa vioo vikubwa vya mbele vilizuia kwa wastani asilimia 96 ya miale ya urujuanimno aina ya A, wakati vioo vya milango vilizuia kwa wastani asilimia 71 tu, kwa tofauti kubwa baina ya gari na gari. Kwa hiyo pengo lipo kwenye milango. Habari njema ni kwamba zipo tinti zisizo na rangi zinazozuia karibu miale yote hiyo bila kupunguza mwanga kwa kiasi kikubwa. Mahitaji ya ngozi na mahitaji ya barabara si lazima yagombane.

Usalama unaotazamwa pande mbili

Wapo wanaobandika tinti kujilinda dhidi ya wezi wanaochungulia mabegi, na wapo wanaotaka faragha ya familia. Kwa upande mwingine, vyombo vya dola huona kwamba gari lisiloonekana ndani huweza kuficha uhalifu. India ilipitia mvutano huo. Kanuni za nchi hiyo za mwaka 1989 zilidai asilimia 70 kwa kioo cha mbele na cha nyuma, na asilimia 50 kwa vioo vya pembeni. Aprili 27, 2012, Mahakama ya Juu ilipiga marufuku ubandikaji wa tinti za aina yoyote, pamoja na mambo mengine kwa hoja ya uhalifu. Baadaye kanuni zilirekebishwa, na mwaka 2024 Mahakama Kuu ya jimbo la Kerala ikaeleza kuwa tinti inayotimiza viwango hivyo inakubalika.

Funzo linalopatikana hapo ni thamani ya kipimo. Mchana wa jua kali, kioo chochote huonekana cheusi kwa aliye nje, hata kikiwa ndani ya kiwango. Pasipo tarakimu na kifaa cha kupimia mwanga, uamuzi hubaki kwenye jicho la askari na maelezo ya dereva, na hapo ndipo malalamiko huzaliwa. Kiwango kinachopimika humlinda mwenda kwa miguu, na papo hapo humlinda dereva aliyefuata utaratibu.

La kuzingatia

Kwa mmiliki anayetaka kufanya uamuzi leo, hatua ni chache. Kwanza, apate maelekezo kutoka kwa Kikosi cha Usalama Barabarani kabla ya kubandika, si baada ya kusimamishwa. Pili, amtake fundi apime vioo vyenyewe kwa kifaa kabla na baada ya kazi, kisha atunze risiti inayoonesha aina ya tinti. Tatu, kioo kikubwa cha mbele kiachwe kama kilivyotoka kiwandani. Nne, kwa milango ya mbele achague tinti isiyo na rangi au nyepesi kabisa yenye uwezo wa kuzuia infraredi na urujuanimno. Tano, kwa vioo vya nyuma ambavyo tayari vina rangi ya kiwandani, asiongeze giza. Kama tatizo ni joto, tinti nyepesi ya kauri inatosha.

Atakayefuata mpangilio huo atampunguzia joto mtoto aliyeketi nyuma, na bado atamwona kwa wakati mtoto wa mwenzake anayevuka barabara jioni.