Jengo la Shule Yetu Liingie Kwenye Bajeti

WARAKA KWA WAZAZI NA WALEZI WOTE WA SHULE YETU

YAH: KUIOMBA HALMASHAURI YA WILAYA FEDHA ZA JENGO JIPYA LA MADARASA

Ndugu wazazi na walezi,

Sisi wazazi wenzenu tuliomo katika kamati ya shule tunawaomba jambo moja: mje kwa wingi katika mkutano mkuu wa kijiji ujao, tupitishe kwa kauli moja ombi la jengo jipya la madarasa, kisha tulifuatilie ngazi kwa ngazi mpaka tulione katika bajeti ya halmashauri yetu ya wilaya.

Hali ya jengo la zamani mnaijua, maana wengi wetu tulisomea humo humo. Ni jengo la zama za UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 kuagiza kila mtoto apate elimu ya msingi. Wazee wetu walifyatua tofali, mama zetu wakabeba maji kichwani, jengo likasimama. Walifanya kazi kubwa kwa kile walichokuwa nacho, na tutawashukuru daima. Lakini tofali la tope lina ukomo wake. Leo msingi umekatika upande wa korongo, nyufa zimepanda mpaka juu ya madirisha, mchwa wamekula kenchi. Wingu la mvua likitanda, mwalimu huwatoa watoto nje, kwa kuwa afadhali walowe kuliko kuangukiwa na ukuta. Mzazi gani anaweza kulala usingizi akijua hivyo?

Tumeziba sana. Kila tulipopiga ripu, ufa ulirudi palepale, kwa sababu ubovu uko chini kwenye msingi. Ndiyo maana safari hii hatuombi ukarabati. Tunaomba jengo jipya, na lile la zamani livunjwe, watoto wasiendelee kucheza chini ya kuta zake.

Wapo wanaosema mwalimu mkuu atumie fedha za ruzuku. Tufanye hesabu pamoja. Katika utaratibu wa elimu bila ada ulioanza mwaka 2016, ruzuku ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Shule yenye watoto 600, hata ingeipata yote, ingekuwa na shilingi milioni 6. Sasa tazameni: madarasa 15,000 yaliyojengwa nchini kuanzia mwaka 2021 kwa fedha za UVIKO-19 yalipangiwa shilingi milioni 20 kila moja. Ruzuku ya mwaka mzima haifiki hata theluthi ya darasa moja, na hiyo hiyo inatakiwa inunue chaki na kuchapa mitihani. Tusimdai mwalimu mkuu fedha ambazo hana.

Wapo pia wanaosema tuinue boma wenyewe, serikali itaezeka. Moyo huo ni mzuri na tunauheshimu. Lakini maboma ya madarasa yaliyoinuliwa kwa nguvu za wananchi mmeyaona katika vijiji vingi: majani yameota ndani, mvua inakula kuta, na bati halijafika. Wananchi wale hawakukosa juhudi. Walianza kujenga kabla fedha ya kumalizia haijatengwa popote. Sisi tuanze na bajeti. Mawe, mchanga, maji na nguvukazi tutatoa kwa hiari, na tuandike hivyo katika muhtasari, ila vitoke pale ambapo fedha ya saruji, nondo na bati imethibitishwa.

Njia ya kufika huko ipo, na inaanzia kwetu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya, inaupa mkutano mkuu wa kijiji kauli kuu katika mambo ya kijiji, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake. Likipita hapo, ombi huenda kwenye kamati ya maendeleo ya kata ambako diwani ni mwenyekiti, kisha kwa wataalamu wa halmashauri, kwenye kamati za madiwani, na mwisho baraza la madiwani. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mabaraza huwa yamekwisha kupitisha bajeti zao miezi kadhaa kabla, ili ziende TAMISEMI na hatimaye Bungeni. Ombi linalofika wilayani mwezi Mei limechelewa mwaka mzima. Kwa hiyo tunawaomba mfanye yafuatayo:

1. Hudhurieni mkutano mkuu. Akidi isipotimia, hakuna uamuzi wa kupeleka mbele. Anayeuguza au aliye safarini amtume mtu mzima mwingine wa nyumba yake. Kabla hatujatawanyika, tumwombe mtendaji wa kijiji atusomee kilichoandikwa, tuhakikishe ombi limo katika muhtasari kwa maneno yale yale tuliyokubaliana.

2. Tuombe kwa maandishi mhandisi wa halmashauri aje kulikagua jengo na kutoa taarifa yenye makadirio ya gharama. Tukisema sisi kwamba jengo ni hatari, tutaambiwa tuvumilie. Akisema mhandisi kwa saini yake, halmashauri italazimika kujibu.

3. Tukamwone diwani wetu, wazazi wa kila kitongoji wakiwakilishwa. Tumpe nakala ya muhtasari na ya taarifa ya mhandisi, tumwombe alisemee jambo hili katika baraza. Mbunge naye apewe nakala, kwa kuwa upo Mfuko wa Jimbo uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009 kwa ajili ya miradi kama huu wetu. Tuulize pia kama shule yetu inaweza kuingizwa katika mradi wa BOOST, ambao umejenga madarasa ya shule za msingi sehemu nyingi nchini.

4. Siku baraza litakapojadili bajeti, wawakilishi wetu wakae ukumbini na kusikiliza. Vikao hivyo viko wazi kwa wananchi.

5. Bajeti ikipita, tusilale. Fedha kutengwa ni jambo moja, kufika kwenye akaunti ya shule ni jingine. Kila mkutano wa robo mwaka tuulize: imefika kiasi gani, imenunua nini?

Tujue pia tunachoomba. Tunaomba vyumba vinavyotosha kwa kiwango cha serikali cha wanafunzi 45 kwa darasa. Tunaomba vyoo kwa kiwango cha tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, pamoja na sehemu ya kunawia. Tunaomba njia ya mteremko kwa mtoto mwenye ulemavu, asibebwe mgongoni kila asubuhi kuingia darasani.

Ndugu zetu, tusingoje msiba ndipo tusikilizwe. Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016 lilipobomoa shule za Ihungo na Nyakato, fedha zilitafutwa na majengo mapya yakasimama. Lile halikuwa na onyo. Sisi tumeonywa na kila ufa, kila masika. Tukikaa kimya na ukuta ukaanguka, hatutakuwa na cha kuwaambia watoto.

Tunapokwenda kwa viongozi, twende kwa adabu na kwa ushahidi. Vyama vyetu tuviache nyumbani, maana ukuta ukianguka hauulizi kadi ya mzazi. Walimu tusiwagombeze, wao wanafundisha chini ya paa lile lile.

Mkutano ukitangazwa, acheni shughuli za nusu siku hiyo. Mje na majirani zenu, mje na babu na bibi wanaolea wajukuu. Mikono itakayonyoshwa siku hiyo ndiyo diwani atakayoihesabu anapokwenda kututetea wilayani.

Wenu katika malezi ya watoto wetu,

Wajumbe wa wazazi, Kamati ya Shule